Neno Nililomeza na Biskuti

Vumbi la maganda makavu ya ndengu lina harufu yake. Si harufu ya udongo wala ya nyasi. Ni kali, ina uchungu kidogo, hupanda puani na kukaa huko mpaka upige chafya mara tatu. Mtu wa Ukambani hata umfunge kitambaa machoni, akiipata harufu hiyo atakwambia huu ni mwezi wa pili, mvua za vuli zimekwisha, na mahali fulani karibu wanawake wanapura. Mimi nilikulia ndani ya vumbi hilo. Lilikuwa kwenye nywele zangu, kwenye madaftari yangu, na hata uji wa asubuhi nadhani tuliunywa nalo. Mama yangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama Wakamba wanavyowaita mama zao, alikuwa mpuraji, tena si mpuraji wa hivi hivi.

Kila msimu wanawake watano wa kijiji chetu, upande wa Kitui, walitoka shamba hadi shamba wakipura ndengu za watu. Kikundi chao kilianza kama mwethya, ule utaratibu wetu wa majirani kusaidiana kazi bila malipo, lakini wenye mashamba makubwa walipoiona kazi yao wakaanza kuwaita na kuwalipa kwa nafaka: katika kila madebe kumi, moja lilikuwa lao. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, nisije nikakudanganya kwa sababu ya utamu wa kukumbuka. Maganda yalimwagwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, wanawake wakasimama pande mbili wakiyapiga kwa fimbo, hawa wakiinua na wale wakishusha, wimbo ukiwapa mwendo. Viganja vya Mwaitu vilikuwa na sugu kiasi kwamba akinipaka mafuta mgongoni nilikuwa nikijikunja. Lakini sikio lake! Ganda lenye ndengu hulia kwa namna yake, na lililo tupu hulia kwa namna nyingine, na Mwaitu alikuwa akisema "Basi, geuzeni" wakati wenzake bado wanapiga tu. Kisha alishika ungo akangoja upepo. Kalunde, rafiki yake na mcheshi wa kikundi, alimtania kwamba upepo ndio mume wake hasa, maana huo akiuita unakuja, yule wa Mombasa akiitwa haji. Mwaitu alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Ni kweli, baba alikuwa Mombasa na alikuwa amenyamaza mwaka wa tatu sasa. Chakula chetu kuanzia mwezi wa tatu hadi mavuno mengine kilitoka kwenye madebe yale.

Nilikuwa darasa la tano. Ijumaa moja tukitoka shule tulikuta trekta imesimama kwenye njia panda, na nyuma yake imefungwa mashine nyekundu ambayo hatukuwa tumewahi kuona, yenye mdomo mpana juu na bomba pembeni. Aliyeiendesha alikuwa kijana aitwaye Salimu, mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa Mwingi. Akatuuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Huku ni nani ana ndengu nyingi za kupurwa?" Wenzangu wakaanza kusukumana na kutazama vidole vyao vya miguu. Mimi na kimbelembele changu, mtoto wa kunyoosha mkono kabla swali halijaisha, nikasema, "Mimi nawajua wote." Na kweli niliwajua. Nani angewajua kuliko mtoto wa mpuraji? Nilijua uwanja wa nani ni mpana, mbwa wa nani anauma, nani amepanda robo eka na nani amepanda mpaka mtoni. Salimu akanipandisha juu ya madigadi ya trekta, akanipa pakiti nzima ya biskuti, nami nikawapungia wenzangu mkono kana kwamba naenda Ulaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mwenyeji nilikuwa mimi, na kupona kwangu kulikuwa pakiti ya biskuti.

Nilimpeleka moja kwa moja kwa Mzee Ndunda. Hilo ndilo shamba lililowapa akina Mwaitu kazi ya wiki nzima kila mwaka, na kesho yake, Jumamosi, ndiyo siku waliyokuwa waanze. Mzee na Salimu walizungumza kando ya lundo la maganda, wakapeana mkono, kisha mzee akageuka akaniona. Sijui kama alikuwa amenisahau au aliona haya. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Mumbua," akasema, "ukifika nyumbani mwambie mama yako kesho wasije, mashine itafanya. Lakini waje Jumatano. Kuna zile ndengu za mteremkoni, trekta haipandi huko. Hizo nimewawekea wao. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.

Biskuti nilizimaliza njiani, karatasi yake nikaifukia chini ya jiwe. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwaitu ameketi na wenzake uani, analainisha fimbo mpya kwa kipande cha chupa. Alikuwa na furaha. Walikuwa wakipanga nani atabeba maji na nani atakuja na turubai, na Kalunde alikuwa akiigiza jinsi Mzee Ndunda anavyotembea na kofia yake. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Kalunde alinikatiza kwa mzaha. Mara ya pili nikawaza kwamba nikitaja mashine nitaulizwa imefikaje kwa Ndunda, na nikisema imefikaje, nimekwisha. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wahenga hawakumjua Mwaitu akikasirika. Niliogopa, ndiyo hivyo tu, wala sina maneno ya kuipamba. Nikajiambia nitasema asubuhi. Asubuhi ilipofika nikajiambia huenda trekta imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Tuliisikia kabla hatujaiona. Wanawake watano walikuwa mbele wakiimba, fimbo mabegani, mimi nyuma na mtungi wa maji, na ngurumo ile ikaja juu ya kilima ikaumeza wimbo. Kalunde alikuwa wa mwisho kunyamaza. Tulipofika kwenye ua wa Mzee Ndunda uwanja wote ulikuwa vumbi. Vijana watatu walikuwa wakitia maganda kwenye ule mdomo mpana, makapi yakiruka juu, na ndengu zikimwagika kwenye magunia, safi, za kijani, bila upepo na bila ungo. Kazi ya siku sita ilikuwa imefika nusu, na jua lilikuwa bado halijaanza kuchoma. Mwaitu alisimama akashika mti wa ua. Mzee Ndunda alituona, akainua mkono, akapaza sauti, lakini nani angesikia chochote katika kelele ile? Mwaitu akageuka. Wenzake wakageuka naye. Mzee alikuwa bado ameinua mkono tulipoanza kushuka, na mimi peke yangu ndiye niliyejua anataka kusema nini.

Wiki iliyofuata, Jumatano ikiwa imekwisha pita, Mzee Ndunda alinikuta kisimani. "Ulimwambia mama yako?" Nikasema nilimwambia. "Yote?" Nikasema yote. Akatikisa kichwa polepole, akaenda zake. Basi ikawa hivi: yeye aliamini kwamba Mwaitu alipata ujumbe, akaja makusudi na wenzake kumtolea macho, na Jumatano akamdharau kwa kutokuja. Na Mwaitu aliamini kwamba mtu aliyempuria miaka tisa alimwona hafai hata kuambiwa. "Hata mbwa huambiwa toka," alikuwa akisema, akiwa jikoni, akiwa shambani, wakati mwingine bila mtu kumuuliza. Ndengu za mteremkoni zilipurwa na watu wa ng'ambo ya mto. Mashine ile ilikuwa na mipaka yake mwaka ule, viwanja vidogo bado vilikuwepo na haikuvifikia, lakini Mwaitu alikataa kwenda kuuliza kazi popote. Aliona itakuwa aibu ya pili. Mwezi wa nne tulikuwa tumebakiwa na mtama wa kukwangua chunguni, mbuzi wetu wawili wakaenda sokoni mmoja baada ya mwingine, na Mwaitu akawa anabeba maji ya wajenzi, mtungi kichwani tangu asubuhi. Kalunde alikwenda mjini Wote kufua nguo za watu, akasema ni kwa mwezi mmoja. Hakurudi kuishi kijijini tena, na tangu hapo sikumsikia Mwaitu akicheka kile kicheko cha kuangusha ungo.

Siichukii mashine, na sitaki usome haya ukidhani nasikitikia fimbo. Ilifanya kwa asubuhi moja kazi iliyowavunja wanawake wale migongo. Mwaitu mwenyewe leo hawezi kuinama kufunga kiatu, na si mashine iliyomfanya hivyo. Kinachoniuma ni kwamba mwaka ule kulikuwa na riziki iliyobaki, ndogo, ya mteremkoni, mwenyewe ameitenga na kuitaja kwa mdomo wake, na ikapotelea kwangu.

Mzee Ndunda alifariki nikiwa nimekwisha kuanza kazi. Mwaitu hakwenda mazishini. Kwetu kutomzika jirani si jambo dogo, watu huliongea mwaka mzima, lakini aliketi jikoni akakata mboga, nyimbo za kanisa zikitufikia kutoka kule juu. Sikuweza kuvumilia. Nikapiga magoti kwenye majivu na nguo zangu nzuri, nikamwambia: trekta, biskuti, ujumbe, kisima. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini. "Alisema Jumatano?" akauliza. Nikasema alisema Jumatano. "Alisema ametuwekea?" Ndiyo, Mwaitu. Akalia, mtu ambaye sikumwona akilia hata mbuzi wake walipokwenda. Alipomaliza akaosha uso, akanitazama. "Ungeniambia, Mumbua. Ningekuchapa, halafu tungekula." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kuwa wa haki hata kwa marehemu: "Lakini naye alikosa. Neno la kumwondoa mtu kazini halitumwi mtoto. Unakwenda mwenyewe." Akachukua shuka yake, akapanda kilimani polepole na mgongo wake ule, akafika kaburini watu wakiwa wanaondoka. Nilimwona kwa mbali akitupa konzi ya udongo.

Siku hizi mimi ni msimamizi wa stoo moja ya nafaka hapa Kibwezi. Tunanunua ndengu za wakulima, na wanawake kumi na wawili huketi kwenye mikeka wakizichagua: mawe huku, zilizooza huku, mbegu za magugu huku. Vidole vyao vina kasi ambayo ukiitazama sana utapata kizunguzungu. Nilipokuwa mdogo mashine ilichukua nguvu za mkono, nasi tukajifariji kwamba jicho la mtu haliwezi kuchukuliwa. Sasa inakuja ya kuchukua jicho. Bosi alinionyesha picha yake kwenye simu: ndengu zinatiririka mbele ya taa, jiwe likipita linapulizwa nje kabla hujapepesa jicho. Itafika mwisho wa mwezi. Akaniambia nisiseme kitu mpaka mzigo ulioko uishe, wasije wakalegea, na siku ya mwisho tutawatumia ujumbe kwa simu. Si mtu mbaya. Mmoja wao alipofiwa, gari lake ndilo lililobeba mwili. Nilimwambia sawa, nikarudi mezani kwangu, na kwa siku tatu nilipita katikati ya wanawake wale nikiwasalimia, wakinijibu, wakiniuliza mbona sili vizuri siku hizi. Mzee Ndunda angalau alikuwa na mteremko. Mimi sikuwa na Jumatano ya kumpa mtu yeyote.

Jumatatu asubuhi, kabla hawajafungua gunia la kwanza, nilisimama mbele yao nikasema. Nilisema mashine inakuja, nikasema itakuja kufanya nini, nikasema ni siku ngapi zimebaki, na kwamba nimekatazwa kuwaambia. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyenishukuru. Mmoja alianza kufungua fundo la leso yake, akalifunga tena. Mama Nduku, aliye mkubwa kwa wote, akauliza, "Sote?" Nikasema nyote. Akatazama mikono yake, kisha akageuka kuelekea ukutani, ambako Mama Kioko alikuwa ameketi, akitutazama mmoja mmoja huku akitabasamu kwa adabu. "Mwanangu," Mama Nduku akaniambia, "huyu masikio yake yamechoka. Hajasikia. Mwambie na yeye." Nikapita kati ya mikeka, nikachuchumaa mbele ya Mama Kioko, nikashika mkono wake, na nikaanza tena kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa.