Dada wa Darajani

Mdogo wangu alipenda gemu moja ya ndugu wanaokimbia vita. Ilikuwa ikitolewa miaka mingi, toleo baada ya toleo, na katika chumba cha gemu karibu na soko la Bukoba vijana waliijua kuliko masomo. Toleo la tatu lilikuwa na miisho miwili. Katika mmoja, dada mkubwa anabaki darajani kuwazuia maadui, anakufa, wadogo zake wanavuka. Katika mwingine wanavuka wote, ila kuufikia ni kazi kweli. Mdogo wangu aliufikia wakati mama yuko kitandani. Alirudi nyumbani Ijuganyondo akikimbia.

"Dada, nimekuvusha!"

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Mama akafa. Baba alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa nimeacha shule nimuuguze mama, na siku zake za mwisho alituambia sisi wawili, tumekaa ukingoni mwa kitanda: "Msitengane." Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa kuamua tuishi na nani. Nikasema alichosema mama.

"Nani mwingine alisikia?" akauliza baba mkubwa.

"Huyu hapa."

"Huyo mtoto. Mtu mzima nani?"

Hakukuwa na mtu mzima. Ikaamuliwa mdogo wangu aende naye Ngenge, huko Muleba, mimi nibaki na kibanja cha migomba na kahawa. Baba mkubwa si mtu mbaya. Begi alilibeba mwenyewe.

Likizo iliyofuata mdogo wangu alikuja, nikamsindikiza mjini, kwenye kile chumba cha gemu. Toleo la nne lilikuwa limefika. Runinga ikawaka: wadogo wamesimama kwenye kaburi la dada yao.

"Mbona amekufa?" nikauliza. "Si ulimvusha?"

Kijana mwenye chumba akacheka. "Huyu bado anavusha watu! Dogo, wenye gemu wameshasema. Mwisho rasmi ni ule wa kufa. Wako ulikuwa wa kujifurahisha tu."

"Nilimvusha. Wewe mwenyewe uliona."

"Niliona. Hauhesabiki."

"Wamemuuliza nani?"

"Gemu ni yao. Wakuulize wewe kama nani?"

Mdogo wangu aliweka chini pedi ya kuchezea, muda aliolipia ukiwa haujaisha, akatoka.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngenge, nimembebea baba mkubwa kahawa ya kutafuna. Mdogo wangu sasa ananizidi kimo. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa kumsaidia. Nikamwambia ukoo utakaa tena baada ya mavuno, nami nataka asimame kando yangu aseme alichosikia, kwa kuwa sasa amekua.

Aliendelea kupukuchua.

"Dada, ni kweli mama alisema hivyo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa umemshika miguu."

"Baba mkubwa anasema alikuwa anaweweseka. Pengine alitaja kitu kingine."

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilikuwa mdogo, Dada."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nikamuuliza kama bado anacheza ile gemu.

"Toleo la tano limetoka. Yule dada hata hawamtaji tena."

Tulimaliza mahindi. Nikala nilichopewa, nikaaga, nikarudi kupalilia kibanja. Ukoo ukikaa nitasimama tena, niseme neno lile lile la mama. Najua wataniuliza tena nani mwingine alisikia, na safari hii sina hata mtoto wa kuwaonyesha.