Vidonge vya Kugawana

Mvivu? Rudia tena. Wewe kichwa kikikuuma unakunywa chai, unaendelea na shughuli. Changu kinachagua upande mmoja, jicho la kushoto linaona vimulimuli kama cheche za mtu anayechomelea geti, halafu natapika mpaka nyongo. Kipandauso hicho. Mara nne kwa wiki. Kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Nzuguni kilifungwa mpaka wateja wakaniita Fundi Kesho.

Ufundi nilijifunza kwenye video, basi na kichwa nikajitibu kwa video. Dawa za maumivu nilimeza kama karanga. Siku daktari aliponiuliza nameza ngapi, nikamtajia, akaweka kalamu chini.

"Hizo hizo ndizo zinakurudishia kichwa. Zipunguze. Hizi nyingine meza kila siku, hata usipoumwa."

"Siumwi, namezea nini?"

"Kuzuia. Zipe miezi miwili. Una pumu?"

"Sina."

Sikuuliza kwa nini kauliza. Mdomo wote huu nilionao, nikachukua pakiti nikaondoka.

Wiki za kwanza, patupu. Nusura nizitupe chooni. Mwezi wa pili zikapita siku kumi bila kichwa, nikalia mbele ya mteja, simu yake imefumuliwa mezani.

Sasa mama. Kichwa hiki nimekirithi kwake. Miaka yote analima kule Busi kajikaza kanga kichwani, paji la uso limejaa chale. Na kwetu ukipata dawa iliyokufaa huli peke yako, unagawa kama chumvi. Nikapanda basi na pakiti yangu.

"Shikamoo mama. Nimekuletea dawa ya kichwa chetu."

"Marahaba. Kichwa chetu!" Akacheka. "Kama shamba vile."

Mama ana pumu. Najua tangu nina akili zangu. Msimu wa kupepeta mtama hatembei bila dawa yake ya kuvuta. Na bado nikamwekea kidonge kiganjani mwenyewe, na maji nikampa.

Kufika adhuhuri kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi, anavuta dawa yake haisaidii. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, namtukana dereva aongeze mwendo. Zahanati, nesi akauliza kameza nini. Nikamwonyesha pakiti.

"Nani kampa mwenye pumu hii?"

Mama, pumzi hana, akanitangulia: "Nimejichukulia mwenyewe."

Alipona. Nikamleta kwangu. Daktari anasema zipo dawa nyingine za kuzuia, zisizogusa kifua. Hataki kusikia.

"Vidonge vyenu vilishanionja," anasema, anakaza kanga.

Nimembembeleza, nimefoka, nimepiga magoti. Hataki. Nikasusa, nikaacha na vyangu. Haikuchukua wiki tukawa tumelala wawili chini, madirisha tumeziba kwa mablanketi, ndoo moja katikati, tunapokezana. Hata hapo ananiambia, "Meza vyako, mwanangu, ufungue kibanda."

Leo kimempanda tena. Namsikia chumba cha pili, anatapika maji matupu, na mimi ndiye niliyemfanya aogope dawa. Kidonge changu cha leo nimekishika mkononi, kinaanza kuyeyuka kwa jasho.

Wewe ungekimeza?