Walimwita Fundi Mawese, na Mawese Yalikuwa Yangu

Msinionee huruma. Nawaomba hilo mapema, maana nawajua watu wetu, mtu akisema tu amejuta wanakimbilia kumfuta machozi. Mimi ni mchafu. Nilimwangusha mtu mwenye kazi yake safi kwa ajili ya oili ya gari, halafu nikarudi nyumbani nikala ugali na kulala fofofo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, bwana mifugo, nililetwa Kibondo kutoka mkoa mwingine. Mwaka 2013 nilinunua pikapu mpya. Mpya kweli, si ile iliyochokea Japani ikaja kumalizikia huku! Viti bado vina nailoni. Kibondo nzima wa kusema hivyo tulikuwa wachache, na nilihakikisha kila mtu anajua. Nilikuwa naendesha kioo kimeshushwa, na vumbi lote lile, ili tu nionekane.

Kitabu cha gari kilisema kilomita elfu moja za kwanza zikiisha mwaga oili, weka mpya, na aina yake ikaandikwa kabisa: nyepesi. Mke wangu, nimwite Mama Neema, ni mwalimu. Alikisoma, akanionyesha kwa kidole.

"Baba Neema, soma mwenyewe hapa."

Nikamcheka. Miaka tisa nilikuwa nimeendesha gari bovu la ofisi, linafuka moshi kama tanuri la matofali, na lile lilikuwa linakunywa oili nzito ya malori. Nikamwambia, "Hiyo nyepesi ni ya cherehani, mke wangu. Milima ya huku inataka oili ya kiume!" Oili ya kiume! Jamani, nikikumbuka maneno hayo natamani kujitapikia.

Basi siku moja nina safari ya kikazi Kasulu. Kule kulikuwa na duka linalopima oili nzito kutoka kwenye pipa, madereva wa malori wanaigombania. Nikatafuta chombo. Nyuma ya jiko nikakuta galoni ya Mama Neema, ya njano, kifuniko cha bluu, ile anayowekea mawese. Nikaitikisa, kimya. Nikaipindua, hata tone. Nikasema tupu.

Tupu wapi! Asubuhi za Kibondo mnazijua, baridi inauma mpaka vidole. Mawese yalikuwa yameganda kule chini kama mshumaa. Mtoto yeyote wa huku anajua galoni ya mawese unaianika juani kwanza, au unaisogeza karibu na moto, ndipo unaiosha. Mimi mgeni mjuaji nikaisuuza kwa maji ya bomba, ya baridi vilevile, mara mbili haraka haraka, nikaondoka nayo. Kasulu wakanijazia oili juu ya mawese na mabaki ya maji.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Nitamwita Bukuru, si jina lake. Gereji yake ilikuwa nyuma ya stendi, mabati machache na shimo la kuingilia chini ya gari. Muha wa kijiji cha Nyakitonto, mpole, sauti ya chini, na msafi kuliko fundi yeyote niliyewahi kumwona. Kila akimaliza gari moja ananawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko ndipo aguse la pili. Siku hiyo tulikuwa wawili tu pale, mimi na yeye.

Akaimwaga ile oili ya kiwandani, akabadilisha filta, akafungua galoni yangu. Akanusa.

"Bosi, hii umeitoa wapi?"

"Inakuhusu nini? Weka."

"Inanukia jikoni, bosi. Halafu gari ni mpya, na hii ni nzito. Ya kwake ninayo hapa, haijafunguliwa."

"Nimesema weka!"

Akaanza kumimina taratibu. Ilipobaki kidogo yakaanza kushuka mabonge ya rangi ya chungwa. Akainua galoni juu, akaniangalia. "Bosi, haya ni mawese. Niache niimwage yote, tuanze upya. Sikudai kitu."

Sikilizeni vizuri hapa. Nilijua! Niliyaona kwa macho yangu, na harufu nikaisikia. Lakini mke alishaniambia nikamcheka, na sasa ananiambia fundi wa nyuma ya stendi. Nilishindwa kumeza aibu hiyo. Nikamfokea, "Wewe umekulia kwenye baiskeli, utanifundisha gari mimi?" Nikampokonya galoni. Nikaikung'uta kwa kiganja mpaka bonge la mwisho likaingia kwenye injini. Mkono wangu huu huu ninaoandikia!

Bukuru alifunga kifuniko cha injini. Alienda kunawa. Mimi mchana ule nilikula mkono ukinuka mawese, na ile galoni nilikuwa nimeitupa porini njiani ili Mama Neema asiione.

Wiki tatu gari likaenda. Nikajipa bichwa, nikamwambia mke wangu, "Umeona?" Halafu siku moja natoka Kasulu narudi, kile kitaa chekundu cha oili, chenye picha kama birika, kikawaka. Nikasema ni waya. Kupandisha mlima mmoja, injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kisha ikafa palepale. Lori likanivuta kunirudisha Kasulu.

Fundi wa Kasulu alipofungua sampo, lile bakuli la oili kule chini ya injini, watu walisogea nyuma. Loo! Ule uchafu! Uji mzito wa rangi ya kahawia, unavutika, umeziba chujio lote, unanuka mawese yaliyooza na chuma kilichoungua. Yule fundi alitema mate. "Mzee, nani amekuwekea takataka hii? Injini imekwisha."

Nikajibu bila kupepesa macho, "Ni fundi mmoja wa Kibondo, anaitwa Bukuru."

Mnaona? Hata sikufikiri. Uongo ulitoka umenyooka.

Habari ilifika Kibondo kabla yangu. Wiki ile ile nikamkuta amebatizwa jina: Fundi Mawese. Vijana wa stendi wanampigia kelele, "Fundi Mawese, tuletee na maharage!" Zahanati wakaondoa pikipiki zao kwake. Wafanyabiashara wakaondoa magari. Mama Neema aliniuliza mara moja tu, "Una uhakika ni yeye? Mbona ni msafi vile?" Nikamwambia usafi wa nje tu huo. Kinyaa! Nilimpaka mwenzangu uchafu wangu, halafu nikamsimanga kwamba ananuka.

Siku moja akaja ofisini. Tulikuwa watano au sita pale barazani, tunakunywa chai. Amevaa shati lake la kanisani. Akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Bosi, nisaidie. Waambie tu hawa wenzako ilivyokuwa. Nimebakiwa na wateja wawili, na watoto wangu wako shule."

Wote wakanigeukia. Maneno mawili tu yangetosha. Nami, Mungu anisamehe, nikaziba pua! Nikasema, "Toka hapa na harufu yako ya mawese." Barazani pakalipuka kicheko. Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Bukuru akavaa kofia yake, akasema asanteni, akaenda zake.

Mwezi haukuisha, gereji ikafungwa. Alirudi Nyakitonto kulima mihogo, yule mtu mwenye mikono ya injini! Na mimi pikapu yangu ipo nyuma ya nyumba, imekaa juu ya matofali, kuku wanataga ndani yake. Kila asubuhi nafungua dirisha naiona. Nimefika mahali mboga ya mawese ikiletwa mezani nainuka. Mke wangu anadhani ni tumbo.

Mwaka huu nikajikaza, nikamfuata Nyakitonto. Nilimkuta anamenya mihogo na mkewe. "Mwakeye," akanisalimu, kama vile nilikuwa mgeni mwema tu. Nikapiga magoti kwenye maganda yale, nikamwambia kila kitu: kwamba nilijua, kwamba nilidanganya. Nikalia. Nilidhani atanitukana, au ataniinua.

Akaendelea kumenya. Mwisho akasema, "Bosi, hayo nilikuwa nayajua. Mimi nilikuwepo. Kawaambie wale waliocheka."

Basi. Akanipa maji ya kunawa, nikaondoka.

Sijawaambia. Mpaka leo! Nakaa nao barazani palepale, chai ile ile, juzi mmoja wao akakumbushia Fundi Mawese, na mimi nikatabasamu. Nikatabasamu, ptuu! Ndiyo maana nimekimbilia kuandika huku, bila jina, nijione nimetubu. Hii nayo ni kuziba pua tu.

Wewe uliyenunua gari jipya, nakuambia, soma kitabu chake na uweke oili kiliyokuandikia, iliyofungwa kiwandani, usiwasikilize wajuaji kama mimi. Fundi akikuambia simama, simama. Na ukishaharibu, sema umeharibu siku hiyo hiyo, maana kesho yake utakuwa umeshamtafuta wa kumbebesha. Injini inanunuliwa nyingine. Jina la Bukuru mimi nimeshindwa kulinunua.

Na wewe Mama Neema, najua unasomaga kurasa hizi, ukifika hapa utakuwa umeshanitambua. Ile galoni yako ya kifuniko cha bluu, uliyoitafuta wiki nzima ukawauliza mpaka majirani, haikuibiwa. Kesho nitakunywa chai barazani kama kawaida. Njoo nayo habari hii, uisome kwa sauti, na jina langu ulitaje.