Dalili ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo karibu na Sanje, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinikabidhi bango na fimbo ya kuonyeshea. Akaniambia nikawafundishe wajawazito dalili za hatari. Zilikuwa saba. Nilizisoma zote kwa sauti ya darasani, nikazirudia, nikauliza nani ana swali. Hakuna aliyekuwa nalo. Nilirudi ofisini nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Kliniki iliyofuata mfawidhi alikuja mwenyewe, akamwomba kila mama ataje anazozikumbuka. Wote walitaja kutoka damu. Wawili wakaongeza homa. Basi. Akanigeukia mbele yao.

"Sista Anjela, hawa uliwafundisha au uliwasomea?"

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi leo mnaweza kucheka. Mimi nilitamani kuacha kazi siku ile ile.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Ifakara mjini, chini ya Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto, mtu wa maneno machache na asiyesamehe uchelewaji. Kazi yangu ikawa kuwanoa wahudumu wa afya wa jamii. Hawa ni watu wa mitaani na vijijini wanaopita nyumba kwa nyumba, wakiona mgonjwa mwenye dalili ya hatari wanampa rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka mbele haraka. Dalili zilikuwa zile zile saba, na zilisahaulika vile vile. Nilichoka kuimba.

Mchana mmoja, wakati wa mapumziko, niliwakuta akina mama wa darasa langu wanacheza mdako nyuma ya jengo. Kishimo, kokoto ndani yake. Unarusha kete juu, unachomoa kokoto moja, unadaka kete kabla haijaanguka. Ukiikosa, zamu inahamia kwa mwenzako. Nikakaa nao. Nikasema kokoto ziwe saba, na kila anayechomoa moja ataje dalili yake kabla ya kudaka: ya kwanza damu, ya pili homa kali, ya tatu chupa kupasuka kabla ya wakati, ya nne mtoto kuacha kucheza, ya tano maumivu makali ya tumbo, ya sita kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, ya saba kuvimba uso na mikono.

Siku chache tu, darasa likachangamka. Mratibu akaja, akasimama mlangoni.

"Sista, umefungua chekechea?"

"Waulize, Mratibu."

Akawauliza, nao wakajibu kwa pamoja kwa kelele za ushindi. Akatikisa kichwa kukubali, akasema mchezo ule upelekwe vikundi vyote. Mgema akisifiwa, ninyi mnajua mwisho wake. Nikavimba kichwa, nikazunguka na mfuko wangu wa kokoto kama mtu aliyegundua dawa.

Mchezaji hodari kuliko wote alikuwa Tabu, mhudumu wa Katindiuka. Asubuhi moja, mpunga ukiwa umetoa masuke, alikuja kuniletea ripoti yake ya mwezi. Msimu huo watu wengi huhamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga, wakilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Tabu alikuwa amepita huko jana yake.

"Shikamoo Sista. Wote wazima. Zaituni tu ndiye kichwa kinamsumbua, ni jua la kukaa na ndege kutwa. Nimemwambia anywe maji na apumzike."

"Marahaba. Mimba yake ina miezi mingapi?"

"Minane."

"Macho?"

"Anasema anaona kama moshi."

Kalamu ilinidondoka. "Tabu, dalili ya sita ni ipi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ya kwanza damu. Ya pili homa. Ya tatu chupa. Ya nne mtoto. Ya tano tumbo." Kidole cha sita kikabaki hewani. Nilimwona anavyobadilika sura, naye aliniona mimi.

Nilipiga simu gari la wagonjwa lije hadi barabara ya shambani, nikachukua mashine ya presha, tukapanda bodaboda moja watu wawili. Pikipiki ilikwama kwenye tope, tukashuka tukakimbia kwenye majaruba ya mpunga, Tabu mbele, viatu mkononi. Alikuwa analia huku anakimbia. Nilitaka kumfokea na nilitaka kumshika mkono, sikufanya lolote kati ya hayo.

Zaituni alikuwa ameketi chini ya dungu, uso umevimba. Alitusalimia vizuri. Niliifunga mashine mkononi mwake, na namba ilipotokea nilijua presha imepanda mno. Kabla sijamaliza kumweleza mumewe, aliyekuwa akiamia naye, macho ya Zaituni yakageuka, mwili ukakaza, degedege likamshika. Kifafa cha mimba. Tulimlaza ubavu, tukamzuia asijigonge, na dawa ya kulizuia ilikuwa hospitali, siyo kwenye mfuko wangu. Wanaume wa mashamba ya jirani walileta kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabarani kwenye gari la wagonjwa, wakipokezana bila kuambiwa.

Zaituni alipona. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, hakulia kamwe.

Mratibu aliniita. Barua ya kumwondoa Tabu ilikuwa mezani, imebaki sahihi tu. Nilikuwa nimeshinda siku mbili nawatazama wanafunzi wangu wakicheza, nikihesabu. Kila zamu ilianza na kokoto ya kwanza. Wengi walikosa kete kwenye ya nne au ya tano. Damu ilitajwa mpaka ikachosha. Ya sita ilitajwa mara mbili tu katika siku zote mbili, na wale wa kelele za pamoja walikuwa wanabebana.

"Kosa si la Tabu," nilimwambia. "Ni la mchezo wangu. Niliwafundisha kuanza, sikuwafundisha kumaliza."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo tuuache?"

"Tuache kuanzia ya kwanza kila mara. Kila kokoto iwe na rangi ya dalili yake, anayechomoa ataje iliyomjia. Na aliyekosa kete asitoe zamu mpaka aitaje."

Akaichana barua. Mimi hilo halikunipa nafuu. Nilikwenda kwa Zaituni, nikamweleza yote, mchezo, kokoto, kosa langu, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kitenge amekishika kwa mikono miwili.

"Sista," akasema, "kichwa kilikuwa changu. Macho yalikuwa yangu. Mbona mchezo mlicheza ninyi?"

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali zito kuliko hilo. Tangu siku ile, na hata sasa nikiwa nimestaafu, naishi Lipangalala, kila Jumatano nakwenda kliniki kucheza na wajawazito wenyewe. Magoti yananiuma, nao wananitania kwamba bibi anadaka polepole. Zaituni huja pia. Hachezi. Huketi pembeni, hasemi na mtu, mpaka mmoja wao ataje kichwa na macho. Hapo ndipo huinuka, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake nyumbani.