Bomba la Moshi na Maziwa ya Mama Furaha

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaielewa yote, na huenda ndiyo sababu haijaniacha. Ilikuwa wakati wa vita, kama ulivyokuwa wakati mwingi wa maisha yetu hapa Goma. Watu walishuka kutoka Kanyaruchinya na magodoro vichwani, wengine wakapanda kurudi kule kule, na uliyemuuliza habari alikupa habari tofauti na ya mwenzake.

Nyumbani kwetu Majengo, katika chumba cha uani, mama yangu alikuwa amempokea mjane mmoja aliyekimbia milima ya Masisi. Tulimwita Mama Furaha. Jamaa zake waliobakiwa na ng'ombe walimletea maziwa, naye aliyagandisha katika kibuyu na kutugawia. Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo unaijua desturi: anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ili moyo wako utulie. Mama Furaha hakuiacha desturi hiyo hata mara moja.

Jumapili moja alionja, kisha akawamiminia mama yangu na mdogo wangu Neema. Mimi sipendi maziwa ya mgando, sikunywa. Baadaye niliwapeleka wote wawili kwa jeep ya baba, wakawapelekee blanketi jamaa zetu waliokuwa kambini Kanyaruchinya. Baba alikuwa amekwama Bukavu kwa biashara zake, na uendeshaji ulikuwa juu yangu. Mvua ilinyesha, barabara ikajaa watu, tukawa tunatambaa. Mama na Neema, walioketi nyuma, walifunga madirisha yao. La kwangu halikuwa na kioo. Tuliporudi, mama alikuwa anatapika, na Neema alikuwa amelegea mikononi mwake kama nguo iliyolowa.

Shangazi Vumilia, dada wa baba, alitupokea mlangoni. Hakuuliza swali.

"Ni karuho!" alisema, akiitaja sumu ile ambayo huku kwetu watu huiogopa kuliko risasi. "Ule mama amewalisha karuho!"

"Lakini alionja mbele yetu," nikasema.

"Weye mutoto, unajua nini? Mwenye sumu hakosi dawa yake!"

Jirani yetu, Papa Jeremi, alichungulia juu ya ua. "Muache mama wa watu, Vumilia. Hiyo ni mazuku. Mvua ikinyesha, ile hewa mubaya inatoka kwenye udongo, inalalisha mutu."

"Mazuku inachagua? Mbona haikukamata shofa?"

Wote wakanigeukia mimi niliyekuwa dereva. Nami kichwa kiliniuma kidogo, lakini nilikuwa nimesimama wima, na sikuwa nimekunywa maziwa. Kila nilichokijua kilimwelemea Mama Furaha, na bado moyo wangu ulikataa. Sikujua. Nikanyamaza.

Shangazi akakata shauri: mgeni apelekwe kambini Kanyaruchinya kwa jeep ile ile, ingawa tangu juzi yake milio ya mabomu ilikuwa ikisikika upande huo. Mama alikuwa kitandani, hakuweza kuinua kichwa kumtetea.

Kesho yake asubuhi alikuja Baba Mkubwa Anselmi, kaka wa baba, karani mstaafu aliyekaa upande wa Katindo. Alisikiliza kila upande, kisha akaelekeza kidole kwenye jeep. "Hii gari inanguruma kama ndege. Haitamufikisha mutu popote. Kwanza itengenezwe." Kama alisema hivyo kwa sababu ya gari au kwa sababu ya yule mjane, sikujua wakati ule, na sijui hata sasa.

Gari lilikuwa la dizeli lenye turbo, na bomba la moshi linaloshuka kutoka kwenye turbo lilikuwa limepasuka. Nilikuwa na jingine, lililotolewa kwenye gari lililovunjwa. Nikainua jeep kwa jeki na kutaka kupanga mawe meusi ya uani chini yake. Baba Mkubwa akanizuia: mawe yetu ya volkeno yana matundu kama mkate, husagika yakilemewa, na mimi ningekuwa chini. Nikaleta magogo ya mkaratusi. Nikalowesha nati zenye kutu kwa mafuta, nikangoja, nikazilegeza, nikalivuta bomba la zamani.

Ndipo nilipouona ufa. Ulitazama juu, kwenye sakafu ya gari. Masizi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye tundu ambalo kizibo chake cha mpira kilikuwa kimeyeyuka. Nikatoka mbio, nikafunua zulia la nyuma. Pale Neema alipoweka miguu palikuwa peusi kama chungu.

"Baba Mkubwa!" nikapaza sauti. "Mama Furaha hana kosa! Ni moshi! Mimi dirisha langu lilikuwa wazi!"

Nilidhani atafurahi. Alilitazama lile bomba, kisha akanitazama mimi.

"Na kama hii tiyo ingekuwa nzima," aliuliza, akiligusa bomba, "ule mama angekuwa na kosa?"

Nilijifuta masizi mikononi, naye akaendelea.

"Jana haukujua kitu, ukanyamaza. Leo umepata tiyo, unapiga kelele. Ule mama alikuwa na lazima ya kungojea tiyo?"

Nilirudi chini ya gari nikiwa nimevurugika kuliko mwanzo. Nilikaza nati za juu kwa nguvu zote, na ncha ya chini ikakataa kukutana na bomba la nyuma. Ikanibidi nilegeze tena kila kitu, nishikize kila nati nusu, nilisogeze bomba mpaka likae lilivyotaka lenyewe, ndipo nikaze. Nikaziba na lile tundu la sakafu. Injini ikawaka kwa sauti ya upole.

Shangazi, ambaye alikuwa ameyaona masizi, alikwenda chumba cha uani kumwita mgeni. Akarudi peke yake. "Ule mama haiko," alisema. Mkeka ulikuwa umekunjwa.

Mimi na Baba Mkubwa tukaingia garini, tukamkuta Mama Furaha njiani, kibuyu mgongoni, akipanda peke yake huku watu wote wakishuka. Nilisimamisha gari, nikashuka kumsalimu kwa heshima.

"Nimeona munatengeneza gari ya kunifukuza," alisema. "Nikasema niende na miguu, nisiwasumbue."

"Mama, tumekuja kukurudisha. Ni moshi wa gari uliowaumiza, si maziwa yako."

Alimtazama Baba Mkubwa aliyekuwa ndani, akaitazama jeep. "Sasa imepona?"

"Imepona, mama."

"Basi fungua madirisha yote."

Nyumbani, mama yangu alikuwa ameketi kitandani, na Neema kando yake anacheza na ncha ya blanketi. Mama aliomba maziwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeleta kikombe. Mama Furaha akamimina, akakiinua kikombe kinywani ili aonje kama desturi. Mama yangu akamshika mkono, akakitwaa, akanywa mpaka mwisho.

Mwanangu, mji wetu leo umejaa wageni tena, na simu yako inakuletea mshitakiwa mpya kila saa. Kutoelewa hakutakuua. Kaa nako, kama nilivyozishikiza nati zile nusu, mpaka mambo yakae mahali pake. Lakini wakati hujui, usimwache mtu abebe mzigo wa kutojua kwako. Mtetee hapo hapo, kabla ufa haujaonekana, kwa maana mara nyingi hakuna atakayeuona.

Mungu akujalie ulimi usioona haya kusema "sijui", na nyumba ambamo mgeni akikumiminia, unakinywa kikombe chake kabla hajakionja.