Kiondo cha Matineja Kilipofika Madhabahuni

Kila Jumamosi saa nane nakutana na matineja kwa chumba cha nyuma cha kanisa letu, hapa Gilgil. Wanasema nawafundisha. Ukweli ni kwamba nawapikia chai, wanacheka viatu vyangu, halafu tunaongea. Pasta aliomba wenye digrii kwanza, wote wakawa na shughuli. Ndio akafika kwangu, mama wa ngumbaru, mtu ameanza darasa la jioni akiwa na watoto watatu.

Shida ya matineja ni hawaulizi kitu. Ukisema "kuna swali?" wote wanaangalia dari. Basi nikaleta kiondo. Andika swali, usiweke jina, tumbukiza. "Hapa hakuna mtu atajua," niliapa, mkono juu.

Weh! Maswali yakamwagika.

Sasa, kanisa lina kiondo kingine cha maombi. Mwenye mgonjwa, mwenye kesi ya shamba, anaandika, na Jumapili mzee wa kanisa anasomea watu wote. Akishasoma, mwenye karatasi anasimama, anaenda mbele kuombewa. Kwetu hakuna kuombewa ukiwa umekaa. Na viondo vyote viwili vilisukwa na shosho mmoja, bibi mzee wa hapa kanisani, mistari ile ile ya zambarau. Jumapili moja nilikuwa natoa changu nikasomee nyumbani, nikapewa vikombe nibebe, nikakiweka kwa meza ya mbele, pale kile cha maombi hukaa. Dakika moja tu.

Kurudi, mzee ameingiza mkono ndani.

"Adamu alikuwa na kitovu?" alisoma, na sauti ya mtu anatangaza msiba. Kanisa likajibu amina, kwa mazoea. Hakuna mtu alisimama.

Akatoa ya pili. "Mbona pasta analianga bila machozi?"

Pasta akatafuta leso. Matineja kule nyuma walikuwa wamelalia magoti, mabega yanaruka.

Mimi kicheko kilinikauka, kwa sababu niliona karatasi ya tatu imeandikwa na kalamu ya kijani. Kwa kikundi chetu kalamu ya kijani ni ya msichana mmoja, na huyo msichana ni kitinda mimba wa huyo mzee anayesoma. Kaka yake aliwahi kusema hana uhakika na mambo ya Mungu. Baba akampigisha magoti mbele ya kanisa Jumapili tatu mfululizo. Huyo kijana siku hizi hata Krismasi hakanyagi kwao.

"Nikiomba ni kama naongea na ukuta," mzee akasoma. "Na nyumbani siwezi kusema."

Akasogeza karatasi karibu na macho. Akaigeuza. Nikageuka nikaona msichana, rangi imemtoka kabisa.

Nikasimama. "Ni mimi, mzee."

"Wewe?"

"Mimi."

"Lakini mama, mwandiko wako naujua. Unaandika kama kuku ametoka kwa matope."

"Mwalimu wa jioni ametunyoosha."

"Bwana asifiwe kwa masomo!" mtu akapiga kelele huko nyuma, na kanisa lote likapiga makofi. Ndio hivyo nilidanganya mbele ya madhabahu, mchana kweupe, nikapigiwa makofi. Mpaka leo sijatubu na sioni nikitubu.

Nikapiga magoti, wamama wakanizunguka. Shosho wa viondo alinishika kichwa kama anakanda unga wa chapati. Pasta, bado ana uchungu wa yale machozi, akaamuru roho ya mashaka itoke Gilgil, ishike barabara ya Nakuru na isirudi. Nikawaza, hiyo roho itafika Kikopey, isikie harufu ya nyama choma, iteremke hapo hapo. Nilikuwa karibu kucheka wakati mama mmoja aliniinamia sikioni.

"Hata mimi," akanong'ona. "Tangu mwaka juzi. Nyamaza." Halafu akaendelea kukemea na sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata nilipika chai nikijua hakuna mtu atakuja. Wakaja wote. Msichana aliingia wa mwisho, akatoa kitambaa chekundu kwa mfuko, akakifunga kwa mkono wa kiondo, fundo mbili, hata kipofu asikosee.

"Mathe," akasema, "mwandiko wako bado ni wa kuku."

"Baba amekuuliza kitu?"

"Ameniambia nikuombee."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Wenzake walipoanza kugombania mandazi nikamuuliza polepole, "Na ukuta?"

Akafikiria. "Bado ni ukuta."

"Sawa. Kunywa chai. Mimi nimeongea na huo miaka ishirini. Siku zingine unajibu, siku zingine unaninyamazia tu hivyo, na kesho yake narudi."

Akasukuma kikombe. "Ongeza sukari basi."