Duara Nene la Kina Mama

Mwanangu alipopona degedege, tuliitwa kina mama wachache pale Kilifi tumsaidie daktari mmoja kijana kuchagua makala za kitabibu kuhusu maradhi hayo. Kompyuta yake ilisoma makala tele, ikachora maneno kwa maduara. Neno likitajwa sana, duara lake hunenepa, na maneno yanayotajwa pamoja huungwa kwa mstari. Daktari aliutazama mchoro ule kama bwana harusi amtazamavyo bibi harusi.

Duara nene kuliko yote lilikuwa "mama". Mstari mmoja ulikwenda kwenye "kuchelewa", mwingine kwenye "mganga".

"Basi tutatafuta makala kwa maneno haya," akasema.

Yaani ripoti atakayoandika kutokana na makala hizo ingesema watoto wanaumia kwa uzembe wetu.

"Daktari," nikasema huku nikimnyonyesha mwanangu, "mimi nilifika zahanati yetu Takaungu alfajiri, mtoto kakakamaa mikononi, nikakuta kufuli mlangoni. Duara la kufuli liko wapi?"

"Mama, mchoro unaonyesha yaliyoandikwa."

"Na hao walioandika waliwahi kugonga mlango ule?"

Mama mmoja aliyetoka Magarini akanigusa. "Mwache, shoga. Yeye mlango wake hufunguliwa na askari."

Ili ninyamaze, daktari akaandika kwenye kompyuta "zahanati kufungwa". Kikatokea kidoa pembeni, hakina mstari hata mmoja.

"Ni kidogo mno, nakiondoa."

"Ukikiondoa, usiandike kwamba sisi tulikusaidia."

Akakiacha kwenye utafutaji wake. Kama alikubali au aliogopa tu mwanamke anayenyonyesha huku amekasirika, hilo mimi halinihusu.